Kidoa cha Tatu cha Kendrell Guidry

Kazi yangu ni kutafuta vijana wanaojua mpira. Nasema mpira wetu, ule wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kudakwa hewani huku watu wazima wakigongana kama malori yaliyokatika breki. Miaka ishirini na saba nimezunguka vyuo vya Amerika, nimekaa kwenye majukwaa yenye barafu, nimekula soseji zilizolala, ili kila Aprili, timu za ligi zinapokaa kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, niwaambie mabosi wangu wa hapa Duluth: mchukueni huyu. Na miaka yote hiyo hawajamchukua hata mmoja. Niliowapigia kelele wako timu nyingine, wanabeba vikombe, na tukikutana uwanjani wananikumbatia kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

Mwaka huu ulikuwa wangu wa mwisho. Nilikuwa nastaafu Juni, na kabla sijafunga begi nilitaka kitu kimoja tu: nimwone Kendrell Guidry amevaa jezi yetu ya Wavunja Barafu. Sikutaka saa ya ukutani wala keki yenye jina langu. Nilimtaka Kendrell.

Mara ya kwanza nilimwona kwao Louisiana, kwenye mvua. Alirushiwa mpira mbovu, umeenda nyuma ya kisogo chake, naye akageuka hewani akauchukua kwa mkono mmoja kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Kisha akarudi kumwinua yule mlinzi aliyemwacha kwenye matope, akamwomba radhi. Kahawa yangu ilikuwa imemwagika mapajani na sikuisikia. Tangu siku hiyo nikawa namfuata msimu hadi msimu, mpaka Bibi Odile, bibi yake aliyemlea, akazoea kuniwekea sahani.

Shida ilikuwa tabia. Siyo tabia ya Kendrell. Tabia ya Tobias Rusk.

Tobias tulimchagua mwaka uliotangulia, mlinzi mwenye kifua kama mlango wa ghala. Wiki yake ya kwanza mjini aliingia kwenye uwanja wa magongo ya barafuni, akaiwasha ile mashine kubwa ya kulainishia barafu, akatoka nayo barabarani kwenda kununua baga. Mashine ile haina haraka. Polisi walimfuata kwa miguu, wakipiga naye soga, na televisheni ikaonyesha safari nzima. Aliagiza dirishani bila kushuka. Aliwanunulia na polisi.

Mwenye timu ni Bi. Ardis Kjellgren, mjane wa tajiri wa majembe ya kusukumia theluji. Ni Mlutheri wa Duluth kindakindaki; hapandishi sauti hata nyumba ikiungua. Akikasirika, anapika. Asubuhi baada ya safari ya Tobias alikuja ofisini na masinia matatu ya nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi vya kukaanga, akayaweka mezani, akasema kwa upole, "Kuleni tu." Tulijua tumekwisha.

Wiki hiyohiyo akamwajiri Inspekta Curtis Wimberly kuwa mkuu wa tabia. Curtis alikuwa mpelelezi mstaafu wa wizi wa bata mzinga, mtu mwembamba, mwenye masharubu, asiyecheka. Akapewa karatasi ya vidoa vyekundu vya kubandika, vile vya dukani. Kila mchezaji tuliyemtaka alikuwa na kadi yake kwenye ubao wa sumaku, na kila dosari ya tabia ilikuwa kidoa kimoja. Vidoa vitatu, kadi inatoka ubaoni, mchezaji huyo kwetu amekufa.

Kuanzia Januari hadi Aprili ubao ulipukutika. Kocha wetu, Rollie Stanek, alikuwa akisimama mbele yake kila asubuhi kama mtu anayetazama shamba lililoingiliwa na nzige.

"Huyu naye jana alikuwepo. Kapatwa na nini?" aliuliza siku moja.

"Anafuga paka wanne," akasema Curtis.

"Kwani paka ni kosa?"

"Paka wawili ni upendo, kocha. Wanne, kuna kitu anaficha."

"Na yule mkimbiaji wa Georgia?"

"Ameoa mara mbili."

"Hata mimi nimeoa mara mbili!"

"Yeye amemwoa mwanamke yuleyule. Hiyo ni kutojifunza."

Kadi pekee ambayo haikuwa na kidoa hata kimoja ilikuwa ya Wendell Frisbie, mdakaji wa chuo kimoja cha kidini huko Nebraska. Wendell alifundisha watoto wa kanisa, aliandikia shangazi zake barua, hakuwahi kuchelewa kokote. Tatizo lake lilikuwa dogo. Alikimbia kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na akidaka mpira alikuwa anashtuka yeye mwenyewe kwanza.

Kendrell alikuwa na vidoa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha trekta dogo la kukatia nyasi. Alipokuwa na miaka kumi na sita, Bibi Odile alizidiwa, gari hakuna, basi akachukua trekta la kanisa, akamlaza bibi kwenye tela la majani, akamvuta mpaka hospitali. Alilirudisha likiwa limejaa mafuta na limeoshwa. Curtis alipolisikia hilo, macho yakamng'aa.

"Chombo cha magurudumu, bila ruhusa," alisema. "Hii sinema tumeshaiona."

"Alimpeleka bibi yake hospitali!" nikamwambia.

"Na Tobias alikwenda kununua chakula. Kila mtu ana sababu, Verlin."

Cha pili kilitoka kwenye usaili. Timu zote huwaita vijana hawa kwenye chumba cha hoteli na kuwauliza upuuzi, kisha kuwachokoza ili kuona kama watapandwa na hasira. Tulimuuliza Kendrell, kama angekuwa tunda, angekuwa tunda gani. Akafikiri, akasema, "Lolote laini, maana bibi yangu meno yanamsumbua." Halafu kocha, kama alivyoagizwa, akammwagia kahawa makusudi na kumwita mwoga. Kendrell akavua koti lake, akaifuta meza, akamuuliza kocha kama hakuungua mkono.

Nilijua tumempata malaika. Curtis akabandika kidoa. "Hana hasira," alisema. "Mtu asiye na hasira ameziweka akiba mahali."

Hata hivyo vilikuwa viwili, siyo vitatu. Nililala nikivihesabu vidoa vile viwili, na niliamka nikivihesabu.

Jioni ya kwanza ya uteuzi ikafika; zoezi lenyewe huendelea hadi kesho yake. Ziwani barafu ilikuwa bado inagonga mawe, na sisi wanne tulikuwa tumejifungia kwenye chumba cha ubao: Bi. Ardis, kocha, Curtis na mimi. Ukumbi wenyewe wa ligi ulikuwa mji mwingine, na huko tulikuwa na mtu wetu, Lonnie, ameketi na simu. Zamu yako ikifika unapewa dakika kumi. Unamwambia Lonnie jina, analiandika, analipeleka mbele. Dakika zikiisha hujasema kitu, timu inayofuata ina haki ya kukuruka na kumchukua unayemtaka, nawe utachagua baadaye kati ya waliobaki. Nyuma yetu walikuwa Spokane, na Spokane walikuwa hawana mdakaji.

Bi. Ardis aliingia na sinia. Harufu ya viazi ilipotufikia, tukatazamana na kocha.

"Nimekuwa nikiomba na kutafakari," alisema, akigawa sahani. "Mtu anayechagua msafi, yeye mwenyewe awe msafi. Nimemwomba Inspekta atutengenezee na sisi kadi."

Na kweli, kwenye kona ya ubao, kulikuwa na kadi zetu. Ya kocha ilikuwa na vidoa vitatu: alitupa fimbo ya gofu ziwani, alitukana kwenye mazishi, na alisinzia wimbo wa taifa ukipigwa. Yangu vilevile vitatu: nilipiga teke mashine ya soda huko Tulsa, nilimzomea mwamuzi kwenye mechi ya watoto wa kanisa, na cha tatu Curtis aliniambia ni cha kuguna.

"Kuguna?" nikamuuliza.

"Unaguna mno, Verlin. Ni dharau."

Niliguna. Kadi ya Curtis ilikuwa safi. Kadi ya Bi. Ardis haikuwepo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitengeneza.

"Kwa hiyo," akasema Bi. Ardis, "mwenye vidoa vitatu asitaje jina la mtu kwa Lonnie. Nimeshamwambia Lonnie. Mengine tutaendelea kama kawaida."

Mimi sikujali nani atataja, ilimradi jina litajwe. Zamu yetu ilipoanza, saa ikaanza kuhesabu kwenye televisheni, na nikasimama. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Mama, miaka yote nimewaletea majina na hamjanisikiliza. Nisikilizeni mara moja hii. Kendrell Guidry. Sitawaomba tena kitu."

Kocha akapiga meza. "Namtaka! Nikimkosa huyu, nitamtupa Wendell ziwani kufuata fimbo yangu."

Bi. Ardis akautazama ubao muda mrefu. "Vidoa viwili siyo vitatu," akasema mwishowe. "Mpigie."

Ni desturi kumpigia kijana kabla ya kumtaja, kuhakikisha yuko hai na hayuko mahabusu. Nikabonyeza namba, nikaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Kwenye televisheni tulimwona: sebule ya kwao Opelousas, Louisiana, watu wamejazana, Bibi Odile amevaa kofia yake ya kanisani, na Kendrell akishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee Verlin."

"Marahaba, mwanangu. Uko na Duluth. Usikate, tunamaliza jambo dogo hapa."

"Sikati, mzee."

Curtis akanyanyua ile simu nyingine ya kumwita Lonnie. Kilichobaki kilikuwa kutamka maneno mawili tu. Na hapo kocha, ambaye alikuwa ameketi akiitazama kadi safi ya Curtis na moshi ukimtoka masikioni, akafungua mdomo.

"Subiri kidogo. Huyu Curtis, nani alimchunguza?"

"Nilijichunguza mwenyewe," akasema Curtis.

"Ahaa! Na ile sandwichi yangu ya jokofuni, iliyoandikwa ROLLIE kwa herufi kubwa, uliichunguza?"

"Rollie, nyamaza," nikamwambia. "Rollie, nakuomba, nyamaza."

"Sinyamazi! Na anaegesha gari kwenye nafasi mbili! Watu tunazunguka kwenye theluji kama kondoo!"

Ningeweza kumnyonga kocha kwa waya wa simu. Curtis alikuwa mweupe, masharubu yakimtetemeka. Nawaambia ukweli, mtu yule hakuwa mnafiki; ndiyo maana alikuwa balaa. Aliweka simu chini, akatoa karatasi yake, akabandika kidoa kwenye kadi yake mwenyewe. Kisha cha pili.

"Na cha tatu," akasema kwa sauti ndogo, "nilipoulizwa na Bi. Ardis kama mimi ni msafi, nilisema ndiyo."

Akakibandika. Akarudi kukaa, mikono mapajani.

"Basi amebaki mama," nikasema haraka. Dakika zilikuwa zinayeyuka. "Mama, shika simu. Sema tu Kendrell Guidry."

Bi. Ardis alinyoosha mkono, halafu akaurudisha.

"Sina kadi," alisema.

"Huhitaji kadi!"

"Verlin, kila mtu hapa ana kadi. Mimi ni nani?" Akachukua kadi tupu na kalamu, akaandika jina lake kwa mwandiko wa shule ya Jumapili. "Inspekta, nipe vidoa. Nimewahi kutoka ibadani kabla ya baraka ili niwahi mechi." Kidoa. "Dada yangu Inga alipoingiza keki yake kwenye mashindano, niliomba isiumuke." Kidoa. Akafikiri, machozi yakamlenga. "Na haikuumuka, nikafurahi."

Kidoa cha tatu.

Kutoka kwenye simu katikati ya meza sauti ikasema, "Bado nipo, mzee."

Nilirukia simu ya Lonnie. Nilisema nitaiba jina hilo kama ni lazima. "Lonnie! Mimi Verlin. Andika Kendrell Guidry!"

"Mzee Verlin," akasema Lonnie, "samahani, una vidoa vingapi?"

Nikamtukana, na saa ikaisha. Kwenye televisheni mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwamba Duluth wamepitwa na muda, kwamba jambo kama hili halionekani mara kwa mara, na watu ukumbini wakacheka. Kamera ikawahamia Spokane. Mabwana watatu wamesimama kwenye meza yao, mmoja ana simu sikioni.

"Mzee," akasema Kendrell, "kuna simu nyingine inaita. Namba ya Spokane. Niipokee?"

Kabla sijafungua mdomo, Bi. Ardis akajibu, "Subiri kidogo mwanangu, bado tunakujadili."

"Sawa, mama."

Ule mlio wa pili ukawa unasikika nyuma yake, tii, tii, tii, ukakoma. Ukaanza tena. Kwenye televisheni yule bwana wa Spokane aliitazama simu yake, akatikisa kichwa. Na mtangazaji, ambaye kazi yake ni kujaza ukimya, akasema hivi: inaonekana Guidry hapokei simu. Mwenzake akadakia kwamba kumekuwa na minong'ono kuhusu tabia ya kijana huyu, tangu kisa fulani cha trekta. Kama hapokei simu siku kama ya leo, ataipokea lini?

Curtis akainuka. Alikuwa na karatasi ya vidoa mkononi.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Hapokei simu za watu, Verlin."

"Hapokei kwa sababu anaongea na sisi! Yuko hapo mezani! Unamsikia anavyopumua!"

"Spokane hawalijui hilo."

"Wewe unalijua!"

"Mimi kazi yangu ni sifa ya mtu. Sababu zina watu wake." Na akakibandika kidoa cha tatu cha Kendrell Guidry, taratibu, akakilainisha kwa kidole gumba ili kisibanduke.

Nilikaa. Ndipo Bi. Ardis akanishika mkono. Ana huruma yule mama, nisimkosee.

"Usivunjike moyo," alininong'oneza. "Akikaa nasi kwenye simu mpaka Spokane wamwache, hiyo ni subira, na subira inafuta kidoa. Na mimi nitampigia mchungaji anieleze kama mtu anaruhusiwa kujisamehe mwenyewe. Sasa hivi atakuwa amelala, lakini asubuhi anapokea. Kesho tutamchukua. Nakuahidi."

Kocha akasogeza kiti karibu. "Umesikia? Mwache ashikilie simu tu. Spokane wakimruka, wengine nao wataogopa, si unajua walivyo, mmoja akinusa kitu wote wananusa. Atashuka mpaka chini. Asubuhi tunamwokota kama embe lililoanguka. Ni wako, Verlin!"

Nami nikataka. Siwezi kusema sikutaka. Niliiona jezi. Nilimwona akikimbia pembezoni mwa uwanja wetu, pumzi yake inatoka moshi kwenye baridi, na watu wakiniuliza nani alimleta huyu, na mimi nikiguna tu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na adabu ya kijana yule ingefanya kazi yote.

Nikainua macho kwenye televisheni. Kamera ilikuwa imemganda. Watu pale sebuleni walikuwa wameacha kucheka; shangazi mmoja alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kendrell amesimama wima, simu yetu sikioni, simu ya Spokane ikilia ndani yake, na Amerika nzima inamtazama ikisema huyu hapokei simu. Na hakuwa na wasiwasi, kwa sababu mimi nilimwambia asikate.

Nikaivuta simu karibu. "Kendrell, kata. Pokea hiyo nyingine."

"Mmemaliza, mzee?"

"Tumemaliza. Kata."

Kukawa na mnong'ono. "Mzee, siwezi kukata. Bibi anasema simu ya wakubwa haikatwi kabla ya kuagana."

Kisha sauti ya Bibi Odile mwenyewe ikaingia. "Bwana Verlin, habari za huko? Nasikia kuna mwenye timu hapo, mama wa makamo yangu. Tuondoke bila kuagana naye kweli?"

Sasa lazima mwelewe kuagana kwa Duluth. Kwetu mtu huaga mezani, akaaga tena mlangoni, akaaga tena garini, na akishusha kioo ndipo mazungumzo yanapoanza. Bi. Ardis aliposikia ameulizwa, uso ukamchanua. Akainamia simu.

"Haya basi, Bibi Odile," alisema, na mimi damu ikaniganda, kwa sababu kwetu hayo maneno ndiyo mwanzo. "Tusiwacheleweshe. Huko kwenu hali ya hewa ikoje?"

"Joto, mama. Magoti tu ndiyo yananisumbua."

"Hata mimi! La kushoto?"

"La kushoto! Umejuaje?"

"Unapaka nini?"

Tii, tii, tii. Yule bwana wa Spokane alikuwa amemgeukia mwenzake, na mwenzake anamwonyesha jina jingine kwenye karatasi. Bi. Ardis alikuwa anaeleza habari ya mafuta ya samaki wa ziwani. Bibi Odile alikuwa anaitikia, naam, naam. Kendrell alikuwa amesimama anasubiri wakubwa wamalize.

Nikabonyeza kitufe. Nikamkatia Bi. Ardis Kjellgren katikati ya neno, na nikamkatia Bibi Odile aliyeniwekea sahani. Mjini kwetu kuna watu wameua na bado wanaalikwa harusini. Mtu aliyekata simu katikati ya kuagana, sijui kama yupo.

Kwenye televisheni Kendrell alitoa simu sikioni, akaitazama kwa mshangao, kisha akaipokea ile nyingine. Tulimwona akisema "ndiyo, bwana," na tena "ndiyo, bwana." Spokane wakakimbia mbele na karatasi yao. Sebule ya Opelousas ikalipuka, watu wakarukiana, kofia ya Bibi Odile ikaruka juu ya kochi, na mtu akamvisha Kendrell kofia ya Spokane, ya kijani, mbaya kupita kiasi.

Curtis alinyanyuka, akaja kwenye kadi yangu, akabandika kidoa cha nne. Sikumlaumu.

"Umemkatia mtu aliyekuwa ananieleza magoti yake," akasema Bi. Ardis. Hakupandisha sauti. Akanisogezea sinia. "Kula, Verlin."

Tulimchukua Wendell Frisbie. Hatukuwa na haki ya kumtaja, hivyo mwishowe Lonnie alimtaja mwenyewe kwa niaba yetu, maana Lonnie hakuna aliyekumbuka kumtengenezea kadi. Kocha alitoka nje kwenda kulitazama ziwa. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya viazi vilivyopoa, nikijiambia kwamba Juni haiko mbali, na kwamba saa ya ukutani siyo kitu kibaya sana.

Simu ya mezani ikaita. Bi. Ardis ndiye aliyeibonyeza.

Kelele za sherehe zikajaa chumbani, ngoma, watoto, sufuria, na katikati yake sauti ninayoijua.

"Mzee Verlin? Samahani, simu ilikatika. Sijui nilibonyeza nini." Alikuwa anahema. Kwenye televisheni waandishi walikuwa wanamtafuta. Kochi lilikuwa tupu. "Niko jikoni. Bibi anasema hatujaagana."

Bi. Ardis alinitazama, kisha akainuka, akamshika Curtis mkono wa shati, wakatoka wote wawili, wakaufunga mlango polepole. Kwenye ubao kadi yangu ilikuwa imebaki na vidoa vyake vinne, na ya Kendrell na vyake vitatu.

"Haya basi, mwanangu," nikasema. "Huko kwenu hali ya hewa ikoje?"

Akaanza kunieleza. Nikavua viatu, nikaegemea kiti, nikamsikiliza.